Nani Avilishe Vyama vya Utamaduni?

Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Mgeni huambiwa aje atazame majumba na milango ya nakshi. Lakini majumba hayaimbi. Kinachompa mgeni huyo sababu ya kukaa jioni ya pili ni taarabu ya Ikhwani Safaa, chama kilichoasisiwa mwaka 1905. Ni tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004. Ni vijana wanaofunzwa udi na ganuni katika Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichofunguliwa mwaka 2002.

Vyombo hivi havikuundwa kwa ajili ya faida, na vingine hutegemea mno ihsani ya wafadhili wa ng'ambo. Matokeo yake tumeyaona: mwaka 2016 Sauti za Busara halikufanyika kwa kukosa fedha, na mwaka 2019 chuo hicho kilikaribia kufungwa. Mahoteli yanayonadi muziki huo yaliendelea kupokea wageni.

Hatuitaki Serikali iviendeshe vyama hivi. Taarabu ya amri haina msikilizaji. Tunachokidai ni fungu la mapato ya utalii litengwe katika bajeti kwa ajili yao, na ligawiwe kwa hesabu zilizokaguliwa. Vyama navyo viweke vitabu vyao wazi, jambo ambalo, tuseme kweli, si kila kiongozi wa chama hulipenda. Wahusika wa fedha na wa utalii wakutane kabla bajeti ijayo haijasomwa Barazani.