Mwacheni Nora aondoke

Wadau, habari za bumu kuchelewa tuziweke kando leo. Nina ugomvi na kaka zangu wa semina, pamoja na dada wawili watatu (msijifiche, niliwasikia). Kisa ni Nora, yule mke kwenye tamthilia ya Henrik Ibsen ya mwaka 1879, Nyumba ya Mwanasesere. Eti ni mbinafsi, ametelekeza watoto watatu kwa sababu ya kugombana na mume usiku mmoja.

Usiku mmoja? Hivi mlikisoma kitabu au mlisoma muhtasari wa kufaulia mtihani?

Tuanze na pesa. Torvald aliumwa, madaktari wakasema bila kwenda nchi yenye joto atakufa. Kule Norway enzi zile mke hakuwa na ruhusa ya kukopa bila idhini ya mumewe, sheria ilikuja kumtambua mwanamke aliyeolewa kama mtu mzima mwaka 1888. Nora akakopa kwa siri krona 4,800 kwa Krogstad, na baba yake ndiye alitakiwa kusaini udhamini. Mzee yuko mahututi, binti atamsumbuaje? Akasaini mwenyewe. Tena akaandika tarehe 2 Oktoba wakati baba alikufa tarehe 29 Septemba! Kosa la kisheria, sawa, sibishi. Lakini wakaenda Italia na mume akapona. Baada ya hapo Nora alilipa deni kidogo kidogo, anabana hela ya nguo zake, msimu mmoja wa baridi anajifungia usiku kunakili maandishi ya watu apate chochote. Bwana mkubwa anadhani pesa zilitoka kwa baba mkwe.

Na huyo bwana anaishije naye? Anamwita majina ya ndege na kindi, anamhoji kama amekula biskuti za lozi. Mama wa watoto watatu anaficha biskuti mfukoni na kufuta mdomo kama mtoto wa chekechea! Sanduku la barua pale nyumbani lina ufunguo mmoja, na anao Torvald.

Sasa Krogstad anataka kufukuzwa kazi benki na Torvald, anaandika barua ya kufichua kila kitu. Nora anaamini kabisa mume akiisoma atasimama na kujitwisha kosa lote. Yuko tayari hata kujiua majini ili asimwache afanye hivyo. Imani gani hiyo jamani! Mume anasoma. Anamwita mnafiki, mhalifu, anasema hafai kulea watoto, ila abaki ndani ili majirani wasijue. Mara inaingia barua ya pili, Krogstad karudisha hati ya deni. Torvald anashangilia kwamba yeye ameokoka. Yeye! Mkewe hayumo kwenye hiyo furaha mpaka aulize.

Halafu, hapa ndipo wengi mnaparuka, anamsamehe. Dakika hiyo hiyo. Anaanza tena habari za ndege wake mdogo, kwamba atamficha chini ya bawa lake. Mimi naona Nora hakuvunjwa na matusi. Matusi mtu unaweza kusema ni hasira, kesho zitapoa. Kilichomfumbua macho ni ule msamaha, maana ulimwonyesha kwamba kwa mume hakuna lililotokea. Hatari ya jina lake imepita, basi mwanasesere arudi kabatini. Miaka minane ya ndoa, na ndiyo mara ya kwanza wanakaa kuongea jambo zito.

"Watoto je?" Najua mtakuja na hilo. Aliyesema hafai kuwalea ni baba yao, tena muda mfupi tu kabla. Na mbona hakuna hata mmoja wenu aliyemtaja yule yaya, Anne-Marie? Alimwacha mtoto wake wa kumzaa kwa watu baki ili aje kumlea Nora. Yeye hamumwiti mbinafsi kwa kuwa alikuwa maskini akafuata kazi. Dada wa kazi wangapi majumbani kwetu wameacha watoto kijijini na hatuulizi?

Wenye mawazo yenu walikuwepo tangu zamani. Ujerumani mwaka 1880 mwigizaji Hedwig Niemann-Raabe aligoma kucheza mwisho ule, akidai yeye asingewaacha watoto wake. Ibsen akaandika mwisho mwingine kuliko aharibiwe kazi na mtu mwingine, Nora anapelekwa mlangoni kwa watoto anaishiwa nguvu. Mwenyewe aliuita ushenzi.

Mnataka kujua abaki nini? Kulikuwa na mwanamke halisi, Laura Kieler, ambaye Ibsen alimfahamu. Naye alikopa kwa siri ampeleke mumewe mgonjwa wa kifua kikuu Italia, akaghushi hati. Mume alipojua, Laura alitenganishwa na watoto, akaishia hospitali ya vichaa. Baadaye alirudi kwa huyo huyo mume.

Semina ni Alhamisi. Atakayesema tena mbinafsi aje na kitabu mkononi, anionyeshe ukurasa ambao Torvald anamuuliza mkewe lile deni alikuwa analilipaje.