Tahadhari Kabla ya Kinu

Mwaka 2025 serikali iligeuzia macho kaunti ya Siaya katika mpango wa kujenga kinu cha kwanza cha nyuklia nchini Kenya, baada ya wakazi wa Uyombo, Kilifi, kuupinga vikali. Kwa maoni yangu, wenyeji wa Homa Bay na Migori hawana budi kushiriki katika mjadala huu. Mbita inatazamana na Luanda Kotieno ya Siaya. Ni maji tu yanayozitenganisha. Huko Karungu na Muhuru, Migori, wavuvi hulitegemea ziwa lilo hilo.

Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lilichapisha kanuni 10 za msingi za usalama mwaka 2006. Ya kwanza humbebesha mwendeshaji wa kinu jukumu kuu la usalama. Ya pili huitaka serikali iweke msimamizi aliye huru. Uzito wa uhuru huo ulidhihirika baada ya ajali ya Fukushima ya mwaka 2011: tume ya bunge la Japani ilibainisha kwamba wasimamizi walikuwa wameshikamana mno na kampuni waliyopaswa kuidhibiti.

Kenya nayo ina mamlaka ya kudhibiti nyuklia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019. Je, itathubutu kusema "hapana" pale serikali itakapotaka "ndiyo"? Walimu na wanafunzi na walijadili swali hilo madarasani. Aidha, mipango ya dharura isiishie Siaya. Iandikwe kwa Kiswahili, Kidholuo na Kikuria, ifike Mbita na Karungu kabla ya jiwe la msingi kuwekwa.