Vita Haviletwi na Wingi wa Makabila

Wako wenzetu washikao kwamba nchi yenye makabila mengi haikosi vita, na kwamba heri iko kwa watu wa asili moja. Maneno haya husemwa sana mabarazani, hasa uchaguzi ukaribiapo. Lakini tukiyapima, twaona hayana uzito.

Natuwatazame jirani zetu. Somalia karibu watu wake wote ni Waislamu, na walio wengi lugha yao ni moja. Hata hivyo, serikali yao ilipoanguka mwaka 1991, koo zilielekezeana bunduki. Wabrawa, ambao Chimwiini chao ni ndugu wa Kiswahili, wengi walikimbilia Mombasa. Rwanda nayo lugha ni moja, Kinyarwanda. Lakini mwaka 1994 watu wapatao 800,000, wengi wao Watutsi, waliuawa katika muda wa siku 100 hivi. Kabila lilikuwa limeandikwa katika vitambulisho tangu enzi ya Wabelgiji, na redio ikachochea. Ama Tanzania Bara, yenye makabila zaidi ya 100, tangu uhuru wa 1961 haijapata kuingia vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Basi kama si wingi wa makabila, ni nini? Ni dhuluma isiyopatiwa dawa, na mtu mwenye kuitumia kwa faida yake.

Sisi wa Pwani hatuna haja ya kwenda mbali. Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, kisha watu wa bara wakauawa na kuchomewa vibanda vyao. Watu hao walikuwa wameishi nasi miaka mingi. Kabila lao halikubadilika mwaka ule. Kilichokuwa kipya ni uchaguzi wa Disemba. Tume ya Jaji Akiwumi, iliyoundwa mwaka 1998 kuchunguza fujo hizo na nyinginezo, iliona mkono wa wanasiasa.

Kilio cha ardhi hapa kwetu ni cha kweli, wala hakifai kudharauliwa. Lakini muuza viazi wa Likoni hakumpokonya mtu shamba. Aliyefukuzwa alipoteza mali yake, na maskwota wakabaki maskwota. Haki ya ardhi hudaiwa kwa wenye kuandika hati, si kwa jirani.

Kwa hiyo mgombea ajapo barazani akatutajia kabila la mtu, yafaa tumwulize kwanza habari za hati za mashamba. Akikosa jibu, tutakuwa tumemjua.