Mtangazaji, Kabla Uende Matangazo, Mjibu Mama wa Namba 6

Kama unaishi kwa ploti, unajua redio si ya mtu mmoja. Jirani akiwasha yake saa moja jioni, nyote mnasikiliza, mpende msipende. Kafyu ilipoanza Machi 27, 2020 sisi tulisikiliza mijadala ya korona kuliko muziki. Wanajopo tunawajua kwa sauti: kuna daktari, kuna mwanauchumi, kuna wakili ambaye hukasirika hata kabla ya kuulizwa swali, na kuna yule "mchambuzi" ambaye hakuna mtu anajua hufanya kazi gani mchana.

Niseme ukweli, hiyo mijadala imetusaidia. Machi kulikuwa na watu wazima wakiapa kwamba ngozi nyeusi haishikwi na korona. Kisha ule uvumi wa chai ya strungi ukaamsha ploti yetu usiku wa manane, majiko yakawashwa, mimi pia nikanywa (usinicheke, wewe pia ulikunywa). Daktari wa redio ndiye aliyetutoa huko, kwa Kiswahili chepesi, bila kutudharau.

Shida ilianza Juni, serikali ilipotoa mwongozo kwamba wagonjwa wasio na dalili kali wanaweza kutunzwa nyumbani. Jioni moja jopo likaueleza vizuri tu: mgonjwa awe na chumba chake, madirisha yafunguliwe, ikiwezekana awe na choo chake. Mama wa nyumba namba 6 akachukua simu. Alijaribu mara tano ndipo laini ikaingia, na ikabidi redio ipunguzwe sauti ndiyo isipige mwangwi. Akasema, "Habari ya jioni mtangazaji na wageni wako. Sisi tuko watu watano kwa chumba kimoja, na choo tunatumia na nyumba zingine tisa. Mmoja wetu akipatikana na huo ugonjwa, nimlaze wapi?"

Sote tulikuwa kimya milangoni, tukingoja.

"Swali zuri sana hilo, mama. Asante kwa kutusikiliza." Halafu tangazo la sabuni. Waliporudi, wakaingilia uchumi wa dunia.

Sasa fikiria alichouliza huyo mama. Hakutaka kusalimia mtu, hakuwa anatukana serikali. Mwongozo wote ulikuwa umesimama juu ya chumba cha pili, na yeye hana. Nairobi hii, Mathare, Mukuru, Kayole, ni nyumba ngapi ziko na chumba cha pili? Katika saa nzima ya kipindi, hilo ndilo lilikuwa swali la kujibiwa, na daktari alikuwa hapo hapo studioni. Na kredo ya mama ikaisha.

Mjadala wa maana ulifanyika baadaye, hapo kwa bomba. Fundi viatu alikumbusha watu kwamba namba 9 iko wazi, mpangaji aliondoka Machi kazi ya hoteli ilipoisha, kabla Nairobi ifungwe. Kwa nini isiwekwe kando, mtu akiugua alale huko? Mwingine akauliza, na choo je? Ndoo. Nani atamwaga, akiwa amevaa nini? Mama mboga akataka kujua nani atanunua chakula cha mgonjwa ikiwa ni yeye ndiye mgonjwa. Walibishana hadi saa nne usiku, kila mtu na barakoa yake kidevuni. Keateka alienda kuongea na landilodi, akakubali mwezi mmoja tu. Mwezi umeisha. Namba 9 ina mpangaji mpya, na sisi tumerudi pale pale.

Laiti yule daktari angesikiliza dakika 10 za hayo maneno. Angetusahihisha mahali tulikosea, na ploti nyingine huko Huruma ingechukua wazo la chumba cha kuchangia kabla mambo yaharibike.

Mimi mwenyewe siko msafi. Mwezi wa Mei stesheni moja ilinipigia simu niwe "sauti ya vijana" kwa dakika nne. Nilitoka chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, na hofu yangu yote ilikuwa nisiulizwe nilisomea wapi. Kwa hivyo nikaongea kama wao. Nikasema vijana wachangamkie fursa za kidijitali wakiwa nyumbani. Siku hiyo hiyo sikuwa na bando, nilikuwa nimeomba hotspot kwa jirani. Mtangazaji akanisifu sana. Niliporudi nje hakuna jirani aliyenitajia hicho kipindi, na nikajua kwa nini.

Najua mtatuambia muda ni mchache. Najua pia matangazo yalipungua na wanahabari wengi walikatwa mishahara mwaka wa 2020. Lakini haigharimu chochote kugeuza mpangilio: simu zije kwanza, wataalamu wajibu, na mtangazaji asisonge mbele mpaka aliyeuliza aseme amejibiwa. Kama laini ni ghali kwetu, nyinyi ndio mtupigie. Na kile kiti cha nne, badala ya mchambuzi wa kila kitu, mpeni keateka, au dereva wa matatu aliyebeba nusu gari wakati wa korona huku mafuta yakibaki yale yale.

Sisi wasikilizaji pia tuko na makosa. Mtu anapata laini, anapewa sekunde 40, 30 anazimaliza akisalimia marafiki wa kijijini na "wote wanaonifahamu". Wasee, andika swali lako kwa karatasi kwanza. Liwe moja. Ukikatwa, mwambie jirani apige aulize lile lile, na mwingine baada yake.

Mada ya wiki iliyofuata ilikuwa imeshatangazwa: watoto kukaa nyumbani hadi shule zifunguliwe Januari 2021. Ploti yetu ilichanga kredo ya shilingi 100, na mama wa namba 6 ndiye angepiga. Swali alikuwa ameshaandika, nyuma ya kitabu cha hesabu cha kijana wake. Kama wewe pia ulikuwa na mwanafunzi hapo kejani, ilibidi uanze kupiga mapema, laini zilijaa kabla ya saa moja na nusu.