Safari Haiishi Uwanja wa Ndege

Hapa kwetu Kitengela ndege ni jambo la kila siku. Tunaziona zikielekea uwanja wa Jomo Kenyatta, na wengi wetu tunaota kwenda mbali. Ukimwuliza mwanafunzi New York ni wapi, atakuambia, "Aa, mbali sana!" Ukimwuliza Kajiado, atacheka: "Si ni hapo tu?" Mimi nasema jibu hilo lina kasoro. Umbali wa kweli ni saa, wala si kilomita.

Tazameni hesabu. Nairobi hadi New York ni kama kilomita 11,800. Zamani msafiri alibadilisha ndege njiani, lakini Oktoba 2018 Kenya Airways ilianza kwenda moja kwa moja. Kwenda ni kama saa 15, na kurudi kama saa 14, kwa sababu pepo za juu huvuma kutoka magharibi na kuisukuma ndege irudipo. Hiyo ni kama kilomita 800 kwa saa!

Sasa sikizeni yaliyotupata. Nyanya yetu alipofariki, mjomba, kitindamimba wake, alikuwa huko New York. Alitua Nairobi saa nne na nusu asubuhi. Mazishi yalikuwa Kajiado saa nane mchana. Kilomita zilizobaki hazikuzidi 80. Sote tukasema, "Huyo ameshafika."

Kumbe wapi! Lori lilikuwa limepinduka karibu na Kitengela. Magari yakasimama kama mawe. Mjomba alipiga simu mara tano, kila mara akisema, "Nangojeni, niko njiani." Tulingoja hadi saa nane u nusu, kisha wazee wakasema waombolezaji wametoka mbali. Mjomba alifika saa tisa, kaburi limeshafukiwa. Alisimama pale na mkoba wake mkononi, asiseme neno.

Wahenga walinena, kawia ufike. Lakini yeye alikawia akafikia nini?

Wapo watakaosema kupinduka kwa lori ni ajali tu. Nakubali. Lakini Kitengela jam huwako hata siku ambayo hakuna lori lililoanguka. Barabara ya Namanga ni hiyo hiyo ya malori yaendayo Tanzania, ya matatu za Kajiado, ya akina mama wa sokoni na ya wagonjwa mahututi. Je, kama mjomba alichelewa maiti, mgonjwa atachelewa nini?

Kwa hivyo natoa wito. Wanaopanga barabara wasituhesabie kilomita za lami pekee, watuhesabie na saa tunazopoteza juu yake. Nasi wanafunzi, tunapompangia mtu safari, tuihesabu kutoka mlango hadi mlango. Tiketi ya ndege humfikisha mtu uwanjani tu. Nyumbani bado.