Liyongo Hakutungua Madafu

Kosa langu lilikuwa dafu.

Nilirekodi kisa cha Fumo Liyongo kwa simu, nikakikata vipande vya dakika mbilimbili, nikavirusha mtandaoni. Ngoma kidogo, sauti ya mawimbi, Kiswahili cha mtaa ili wasee wa Mombasa na Nairobi wasilale njiani. Nikafika pale maadui wanapomtegea mtego wa makoma. Mpango wao ni huu: watapanda mti kwa zamu, kila mtu awaangushie wenzake matunda, na zamu ya Liyongo ikifika, akiwa huko juu mikono imeshika mti, wamfume mishale. Jamaa akawazidi akili. Zamu yake ilipofika hakupanda. Alichukua uta wake akayatungua makoma kwa mshale, amesimama chini, silaha mkononi.

Sasa, nani Kayole anajua koma ni nini? Nikabadilisha, nikaweka madafu. Watu wakapenda, komenti zikaja, mimi nikajiona mtunzi.

Nilipokwenda Kipungani kumwona bibi yangu, binamu yangu akamchezea kile kipande. Kipungani, kwa wasioijua, ni kijiji upande wa magharibi wa kisiwa cha Lamu, na jina lake limesafiri kwa kazi ya kusuka: mikeka, vikapu, kofia. Bibi alikuwa barazani anasuka ukili wa kikapu. Akasikiliza mpaka mwisho bila kuinua uso. Kisha:

"Dafu? Dafu ukilifuma mshale, si mai yote yatamwaika? Wale watu watakula nini?"

Binamu akacheka mpaka akakaa chini.

"Na mnazi kila mtu hupanda, mwanangu. Mwambie mtu akwee mkoma, uone."

Mkoma ni mrefu, na mabua ya majani yake yana miiba. Huwezi kuupanda ukiwa umeshika kitu. Hapo ndipo mtego wote ulipo, na mimi nilikuwa nimeutoa. Halafu bibi akainua ule ukili: "Huu hapa." Miyaa anayosukia vikapu ni majani ya mkoma. Miaka yote hiyo nalikalia majamvi ya mti uliotaka kumuua Liyongo, na sikuujua.

Najua kuna wazee watakaosoma haya na kusema, ndio, vijana waacheni hadithi zetu. Hapana. Sikubaliani nanyi pia. Utendi wa Liyongo ambao wasomi hunukuu sana uliandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, naye hakumwona Liyongo kwa macho. Kabla yake, Edward Steere alikuwa ameshachapisha kisa hichohicho London mwaka 1870, ndani ya kitabu chake cha hadithi za Zanzibar. Kila mmoja alikipokea kinywani mwa mtu akakitia kwenye chombo cha zama zake. Kijumwa, kwanza, alikuwa mtu wa kila kitu: mshairi, mchonga milango, mpiga muziki, mwenye hati nzuri ya mkono. Angekuwa hai leo angekuwa na chaneli, na mimi ningekuwa nimemfuata.

Na kisa chenyewe kinaomba kusimuliwa upya. Mtu yuko gerezani, anatunga wimbo wenye ujumbe wa siri, kijakazi Saada anaubeba mpaka kwa mama, mama anaoka mkate wa wishwa na kuficha tupa ndani yake. Mikate mizuri walinzi walikuwa wakimnyang'anya. Wa wishwa waliudharau, wakamwachia. Usiku ngoma ya gungu inapigwa kwa kelele zote ili mlio wa tupa kwenye minyororo usisikike. Filamu gani ya kutoroka jela inashinda hiyo? Badilisha lugha, tia muziki, anzia mwisho ukitaka. Mti uache ulivyo. Ukiung'oa, kisa kinabaki na majina tu.

Dafu langu halikumdhuru mtu, nilichekwa basi. Kinachonisumbua ni zile hadithi nyingine, zile ambazo simu zetu zinazipenda zaidi.

Fungua video za "hadithi za kutisha za Pwani" usiku mmoja uone. Yule mwanamke mrembo wa Mombasa mwenye kwato, sawa, huyo tumekua naye, hana neno. Lakini baada ya hapo ni bibi kizee, bibi kizee, bibi kizee. Mvi, macho mekundu, kibanda, moshi, muziki wa kutisha. Hana kijiji, hana ukoo, hana sababu. Ni mchawi kwa kuwa ni mzee. Mtu mmoja kaitoa kwenye filamu, wa pili kamwiga, wa tatu anakwambia ni kisa cha kweli cha Kilifi.

Na Kilifi, jamani, wazee wanauawa kweli. Si hadithi. Wazee wenye mvi wanakatwa kwa kushukiwa uchawi, na mara nyingi chini yake kuna shamba linalogombewa. Kule Ganze kuna kituo, Kaya Godhoma, kinachowahifadhi waliokimbia watoto wao wenyewe. Siwezi kusema video fulani imemuua mzee fulani. Nasema kwamba mtu anayetaka shamba la babake anahitaji majirani walioamini tayari, na sisi tunaosimulia bila kuuliza tunamwandalia majirani hao bure.

Bibi yangu ana mvi. Macho yake ni mekundu kwa moshi wa kuni. Mpige picha jioni, utie ngoma kwa nyuma, umeshapata video.

Hadithi zake za majini, ambazo anazo nyingi na nyingine zilininyima usingizi nikiwa mdogo, zote zina anwani. Jini wa mkoko fulani, wa kisima fulani, alimtokea mtu wa nyumba fulani aliyefanya jambo fulani. Ukimuuliza "alikuwa nani?" anajibu. Ukimuuliza "kwa nini?" anajibu pia. Hajawahi kuniambia jini aliyekuja tu kwa sababu kuna giza. Sasa hilo ndilo swali langu kabla ya kurekodi: wapi, na nani, na kwa nini? Msimulizi akishindwa kunijibu, sirekodi. Imenipunguzia kazi sana, na wafuasi pia, tusidanganyane. Niliacha chuo mwaka wa pili, hii ndiyo kazi niliyo nayo, na bando halijilipi.

Kile kipande cha madafu nimekifuta. Kipya nilikirekodi palepale barazani, miyaa ikikwaruza kwa nyuma, na nimeiacha ile sauti.

Kimebaki kifo chake, ile sindano ya shaba kitovuni, na Liyongo kupiga goti karibu na kisima, mshale utani, mji mzima ukiogopa kwenda kuteka maji kwa kudhani yu hai. Bibi asema aliyemchoma ni mwanawe. Ami yangu aapa ni mpwawe. Wamebishana tangu alasiri mpaka adhana ya magharibi, simu yangu ikirekodi, na ami kaondoka bila kunywa chai.