Kata Hicho Kitenge

Wasee, tuambiane ukweli. Sanduku la nyumbani limejaa vitenge vya harusi na leso ambazo hazijawahi hata kupindwa, halafu kila Jumamosi mko Eastleigh kuongeza kitambaa kingine. Ati mnangoja sherehe. Sherehe gani?

Na usiniambie hujui kushona. Mimi nilianza na leso ya shosho na sindano ya mkono, cherehani sikuwa nayo. Sketi ilitoka maandishi yakiwa miguu juu (mathe alicheka wiki nzima) na bado niliivaa hadi tao. Kinachowashinda si kushona, ni makasi. Mnaogopa kuharibu. Sasa wadudu wakikitoboa ndio kitakuwa kimehifadhika?

Mathe alikuwa na kitenge alichopewa na dadake, ambaye sasa ni marehemu. Yadi sita, miaka minane kabatini. Nilimsihi mwezi mzima ndio akubali nikikate. Nikashona blauzi, akaiangalia, hakusema kitu. Jumapili asubuhi naitafuta, kumbe ashaivaa, yuko njiani kwenda kanisani.

Zimebaki yadi nne. Jana ameniletea vipimo vyake.